Sezoni ya kwanza tatu, seri moja: namna ya kujipangia orodha ya episodi



Leo tuweke siasa na mishahara pembeni kidogo. Kuna jambo linalosumbua wengi kati yetu, hasa wale wanaopenda seri, yaani zile tamthilia za kufuatana sezoni kwa sezoni. Mtu anaenda kwa kijana wa kopi na flash yake, analipa, anarudi nyumbani na dosye tatu. Kila dosye imeandikwa “Doctor Who, Sezoni 1”. Anafungua ya kwanza: picha nyeusi na nyeupe, mzee mmoja mwenye nywele nyeupe anajibu watu kwa ukali. Anafungua ya pili: rangi iko, mwanaume wa koti la ngozi anamshika binti mkono na kumwambia akimbie. Ya tatu: Ncuti Gatwa, amevaa vizuri, anacheka. Mtu anakasirika, anasema ameibiwa, anataka kurudi kugombana.

Asirudi. Kijana wa kopi hana kosa. Zote tatu ni sezoni ya kwanza, na zote tatu ni za seri moja.

Ninataka kueleza namna mtu anavyoweza kujitengenezea orodha yake mwenyewe ya episodi, kwenye kaye au kwenye Excel, kwa seri ndefu ya hadithi za kubuni za kisayansi. Nimechukua Doctor Who ya BBC juu hakuna nyingine ya aina yake iliyodumu zaidi kwenye televisheni, na juu kila tatizo la kupanga orodha limeshaipata. Ukiweza kupanga hii, Star Trek itakuwa mchezo. Na faida haiishii kwa kujua uanzie wapi kutazama. Seri hii ilipoteza episodi nyingi sana, na watu waliojua ni zipi zimepotea, moja kwa moja kwa jina, wengi wao walikuwa watazamaji wa kawaida waliokuwa na orodha. Tutafika pale.

Kwa wale ambao hawajaiona: ni msafiri mmoja, si mtu wa dunia hii, anaitwa tu Daktari. Anatembea katika wakati na anga ndani ya kibanda cha bluu cha polisi, kile ambacho ndani yake ni kikubwa kuliko nje. Akikaribia kufa, mwili wake unageuka, anakuwa mtu mwingine mwenye kumbukumbu zilezile. Ni ujanja wa watengenezaji: William Hartnell, aliyecheza wa kwanza, afya yake ilipoanza kuwa mbaya mwaka 1966, walimweka mwigizaji mwingine na seri ikaendelea. Mpaka leo njo inaendelea hivyo.

Sasa zile sezoni tatu. Seri ilianza tarehe 23/11/1963 na ikaenda mpaka tarehe 6/12/1989, sezoni 26. Mwaka 1996 ikatoka filamu moja tu ya televisheni. Tarehe 26/3/2005 ikarudi, na watengenezaji wakaanza kuhesabu upya kutoka moja, juu waliona kijana wa 2005 hatataka kuingia kwenye kitu kinachoitwa sezoni ya 27. Mwaka 2024, wakati Disney+ ilipokuwa inaionyesha nje ya Uingereza, wakahesabu upya tena kutoka moja, kwa sababu ileile. Huyo Daktari wa 2024, Ncuti Gatwa, alizaliwa Rwanda na akakulia Scotland. Kwa hiyo sisi watu wa Maziwa Makuu tulikuwa na mtoto wetu ndani ya kile kibanda mpaka 2025, na mimi naona hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu wa Goma au Bukavu afungue faili.

Somo la kwanza linatoka hapo. Namba ya sezoni si sehemu ya episodi. Ni sehemu ya biashara. Mwenye mali anaweza kuibadilisha kesho asubuhi bila kukuuliza, na orodha yako yote ikavurugika. Tarehe ya kuonyeshwa mara ya kwanza haibadiliki. Hata BBC haiwezi kuamua leo kwamba episodi ya 1963 ilitoka 1964. Kwa hiyo nguzo ya orodha yako iwe tarehe, na namba ya sezoni iwe habari ya pembeni tu: “sezoni 1 ya zamani”, “sezoni 1 ya 2005”, “sezoni 1 ya 2024”.

Andika tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 1963-11-23. Kwa macho yetu inaonekana kinyume, lakini kwenye kompyuta faili zinajipanga zenyewe. Ukiandika jina la faili kwa kuanza na tarehe namna hiyo, hata bila Excel, hata kwenye simu ndogo, dosye yako itakuwa kwa mstari. Na zile episodi za Noeli, ambazo haziko ndani ya sezoni yoyote, hazitakusumbua tena. “The Christmas Invasion” ilitoka tarehe 25/12/2005. Wauzaji wengine wanaiweka mwisho wa sezoni ya 2005, wengine mwanzo wa ile ya 2006 na kuiita episodi sifuri. Wewe huna haja ya kuamua. Tarehe imeshaamua.

Hata tarehe iko na vijimambo vyake, tusidanganyane. Episodi ya kwanza kabisa ilionyeshwa Jumamosi, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa kule Dallas. BBC iliirudia Jumamosi iliyofuata, tarehe 30 Novemba, kabla ya episodi ya pili. Kwa hiyo kwenye maandishi mengine utakuta tarehe mbili. “The Five Doctors”, ile ya kusherehekea miaka 20, ilionekana Marekani tarehe 23/11/1983 na Uingereza siku mbili baadaye. Filamu ya 1996 nayo ilionyeshwa Marekani mbele ya Uingereza. Dawa yake ni kuchagua sheria moja na kuiandika juu ya ukurasa wa kwanza, wino mzito: mimi ninahesabu siku ya kwanza ya kuonyeshwa Uingereza. Mwingine anaweza kuchagua siku ya kwanza popote duniani. Zote mbili ni sawa. Ile mbaya ni kuchanganya, leo hii, kesho ile.

Tuingie kwa majina, na hapa kazi ni kubwa.

Zamani Doctor Who haikuwa episodi moja, hadithi moja. Hadithi moja ilikatwa vipande vinne, sita, saba, hata kumi na viwili, kipande kimoja kila Jumamosi, dakika 25. Kuanzia 1963 mpaka katikati ya 1966, kila kipande kilikuwa na jina lake, lakini hadithi nzima haikuwa na jina linaloonekana kwenye skrini. Angalia hadithi ya kwanza. Vipande vyake vinne vinaitwa “An Unearthly Child”, “The Cave of Skulls”, “The Forest of Fear” na “The Firemaker”. Je, hadithi nzima inaitwaje? Wengi wanasema An Unearthly Child, juu ni jina la kipande cha kwanza. Wengine wanasema 100,000 BC, juu njo jina lililokuwa kwenye karatasi za ofisi ya watengenezaji. Wengine tena wanaiita The Tribe of Gum. Majina matatu, kitu kimoja.

Hadithi ya pili, ile iliyoleta Daleki, maadui wale wa chuma wanaojulikana mpaka leo, ni mbaya zaidi. Inaitwa The Daleks, inaitwa The Dead Planet, inaitwa The Mutants. Na mwaka 1972 ikatoka hadithi nyingine kabisa, ya Daktari wa tatu, jina lake The Mutants, wazi kwenye skrini. Kwa hiyo ukiandika kwenye kaye “The Mutants, nimeona”, baada ya miaka miwili wewe mwenyewe hutajua umeona nini.

Majina hayo yaliingia kwa watu kupitia maandishi yaliyochapwa. Mwaka 1972 Malcolm Hulke na Terrance Dicks walitoa kitabu cha The Making of Doctor Who, ndani yake hadithi zote mpaka pale. Mwaka 1973 gazeti la Radio Times likatoa toleo maalum la miaka 10. Mwaka 1981 Jean-Marc Lofficier akatoa mwongozo wa programu nzima. Kila kimoja kilichagua majina kwa namna yake, na watoto waliokulia na kitabu fulani wakabaki na majina ya kitabu kile mpaka uzeeni. Ukiona watu wazima wanagombana juu ya jina la hadithi ya 1963, ujue wanagombana juu ya kitabu walichopewa wakiwa na miaka kumi.

Sisi wa Kongo tuko na tabaka lingine juu ya hilo: kopi nyingi zinazofika kwetu ziko kwa Kifaransa. Ile episodi maarufu ya sanamu za malaika, iliyotoka tarehe 9/6/2007, jina lake la asili ni “Blink”. Kwa Kifaransa inaitwa “Les Anges pleureurs”. Hakuna mtu atakayekisia kwamba ni kitu kimoja. Ndiyo maana orodha ya mtu wa kwetu inahitaji kolone tatu za majina: jina la asili, jina la Kifaransa, na majina mengine yanayozunguka. Jina moja unalifanya kuwa kuu, lile la asili kama lilivyoonekana kwenye skrini, na yale mengine unayaacha yaishi pembeni. Usiyafute. Ni kwa majina hayo ya pembeni utakapotafuta faili siku moja na kuipata.

Watengenezaji wenyewe walikuwa na dawa yao: herufi. Hadithi ya kwanza A, ya pili B, ya tatu C. Walipofika Z mwaka 1966 wakaenda AA, BB, CC. Baada ya ZZ, AAA. Baada ya ZZZ wakachoka, wakaandika 4A, 4B. Ni mfumo mzuri, juu kodi moja haigawiwi kwa hadithi mbili. The Mutants ya zamani ni B, ile ya 1972 ni NNN, hakuna mchanganyiko. Lakini kodi zinafuata kazi ya studio, hazifuati mpangilio wa kuonyeshwa. The Ark in Space ni 4C, The Sontaran Experiment ni 4B, na kwenye televisheni 4C ilitangulia. Ukipenda, weka kolone ya kodi. Kwa kutafuta ni nzuri sana. Kwa kupanga mstari, rudi kwa tarehe.

Kuna swali lingine ambalo linaonekana dogo: mstari mmoja wa orodha uwe wa hadithi nzima, au wa episodi moja?

Jibu langu: episodi moja, mstari mmoja, hata kama kaye itajaa. Sababu yake ni hii. Episodi ni tukio. Ilionyeshwa siku fulani, saa fulani, imeisha. Kusema kwamba episodi hizi tatu ni hadithi moja, hayo tayari ni maoni. Mwaka 1986 sezoni nzima ya episodi 14 ilitoka chini ya jina moja, The Trial of a Time Lord. Ndani yake mna sehemu nne, kila sehemu na jina lake la kazini. Ni hadithi moja au nne? Mwaka 2007, “Utopia” ilitoka tarehe 16 Juni, “The Sound of Drums” tarehe 23, “Last of the Time Lords” tarehe 30. Moja inaishia pale nyingine inapoanzia. Ni hadithi moja ya vipande vitatu, au ni moja halafu nyingine ya vipande viwili? Halafu iko Shada, iliyoanza kurekodiwa 1979, mgomo ukafunga studio, haikuonyeshwa wakati wake. Inahesabiwa ao haihesabiwi?

Mwaka 2009 watengenezaji walifanya hesabu yao wakasema “Planet of the Dead” ni hadithi ya 200, na basi lililokuwa kwenye episodi ile likapewa namba 200. Mashabiki wakachukua kalamu: ukihesabu Trial kama nne, basi ile siyo ya 200. Ukiongeza Shada, siyo ya 200. Wote walikuwa na hesabu sahihi, kila mmoja kwa sheria yake. Mwenye mistari ya episodi hakuguswa na ubishi huo. Yeye aliongeza kolone moja inayoitwa “kundi”, akaandika humo hadithi anayoona yeye, na siku akibadilisha mawazo anabadilisha kolone ile tu. Mistari inabaki ilivyo. Mtu aliyeandika TFC na kupanga data atatambua mara moja: usichanganye kile ulichokipima na kile unachokifikiria.

Kuna jambo moja ambalo ninawaomba msijaribu, hata siku umeme uko na kahawa iko. Msipange orodha kwa miaka ya ndani ya hadithi. Mtu anasema: si ni seri ya kusafiri katika wakati? Basi nianze na episodi za zamani za Roma, niende mpaka mwisho wa dunia. Inaonekana akili. Ni shimo. Chukua tu zile hadithi za miaka ya 1970 ambamo Daktari anafanya kazi na jeshi liitwalo UNIT. Mwaka 1975, kwenye Pyramids of Mars, Sarah anasema ametoka mwaka 1980. Vizuri, basi UNIT ni karibu na 1980. Halafu mwaka 1983, kwenye Mawdryn Undead, tunaambiwa Brigadia, mkubwa wa jeshi lile, alikuwa ameshastaafu mwaka 1977 na anafundisha hesabu shuleni. Alistaafu kabla ya kazi aliyoifanya! Watu wameandika kurasa na kurasa kutafuta suluhisho. Mwaka 2008 watengenezaji wenyewe wakamfanya Daktari aseme kwamba hakumbuki vizuri kama alifanya kazi pale miaka ya sabini au ya themanini. Wakacheka, wakapita. Na sisi tupite.

Sasa sehemu niliyowaahidi.

Kati ya 1967 na 1978 BBC ilifuta na kutupa episodi nyingi sana za miaka ya 1960 na baadhi za miaka ya 1970. Siyo Doctor Who peke yake, programu nyingi zilienda hivyo. Kanda za video zilikuwa za bei kali na ziliweza kurekodiwa tena juu yake. Mikataba na waigizaji iliweka mipaka kwa kurudia programu. Hakuna mtu aliyekuwa na mashine ya video nyumbani. Na rangi ilipokuja, nani atanunua nyeusi na nyeupe? Kwa mtu wa ofisi kila sababu ilikuwa na mantiki yake.

Lakini kabla ya kufuta, BBC ilikuwa imenakili episodi hizo kwenye filamu za milimita 16 ili kuziuza nje. Zilienda Australia, Hong Kong, Cyprus, na zilikuja Afrika: Nigeria, Sierra Leone, mpaka Zambia, jirani wa Katanga. Televisheni ikishamaliza kuzionyesha, ilitakiwa kuzirudisha, kuzipeleka kwa nchi nyingine, au kuziharibu. Na kama kila mahali, kuna zilizosahauliwa kwenye rafu.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtu anayetafuta filamu zilizopotea, alikuwa amekuta makopo ya filamu kwenye kituo cha televisheni kule Jos, Nigeria. Ndani yake zilitoka episodi 9 zilizokuwa zimepotea. The Enemy of the World, iliyobaki na kipande kimoja tu kati ya sita, ikakamilika yote. The Web of Fear, nayo ya vipande sita, ikarudi isipokuwa cha tatu. Baada ya ugunduzi huo, zilizokuwa bado hazijapatikana zilihesabiwa kuwa 97.

Fikirini kidogo juu ya ile hesabu ya 97. Mtu anawezaje kuhesabu vitu ambavyo havipo? Anaweza tu kama kuna orodha kamili ya vyote vilivyokuwapo. Kopo likifunguliwa Jos na kuandikwa jina la hadithi na namba ya kipande, mtu anajua pale pale: hii tunayo, hii hatuna. Bila orodha, kopo lile ni chuma kizee, linaenda jalalani na mengine. Na kuna zaidi. Watoto wa Uingereza wa miaka ya 1960, waliokuwa wanaweka mikrofoni mbele ya televisheni na kumwambia mama yao anyamaze, walirekodi sauti. Kwa kazi yao, sauti ya kila episodi iliyopotea iko mpaka leo, yote kabisa. Hawakuwa wafanyakazi wa maktaba. Walipenda seri, na waliandika juu ya kanda tarehe na jina.

Huwa ninajiuliza nani kwetu ana orodha ya michezo yote ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lile lililocheza kwa Kiswahili kwenye redio na televisheni kwa miaka mingi. Johannes Fabian aliandika kitabu kizima mwaka 1990 akianzia kwa mchezo wao mmoja. Mmoja. Ni mabano tu haya, turudi.

Kwa hiyo orodha yako iwe na kolone ya “hali”. Humo unaandika picha asili ipo, au sauti tu, au katuni. Ile ya katuni ni muhimu sana, juu inadanganya. The Power of the Daleks ya 1966, vipande sita, picha zote zilipotea. Mwaka 2016 BBC ilitoa toleo la katuni juu ya sauti ya zamani. Kwenye flash utaikuta imeandikwa The Power of the Daleks, basi. Ukiandika “nimeona”, umeona kazi ya wachoraji wa 2016, hujaona kile watu walichokiona 1966. Si vibaya, mimi naipenda. Lakini iandikwe. Na muhimu kuliko yote: mstari wa episodi iliyopotea usirukwe. Uandikwe sawa na mingine, na tarehe yake na jina lake, pale pa “kopi yangu iko wapi” uache wazi. Orodha inayoonyesha tu ulichonacho ni hesabu ya duka.

Kolone zilizobaki ni rahisi. Namba ya kipande ndani ya hadithi, kwa mfano 3 kati ya 6. Daktari ni nani. Kopi iko wapi, kwenye flash gani, lugha gani, kama ina maandishi chini. Siku uliyoitazama. Na ya mwisho, nafasi ya sentensi mbili kwa maneno yako mwenyewe. Usinakili muhtasari wa wengine, huo utaupata popote. Andika kitu utakachokitambua: “ile ambayo mlinzi anakufa bure”, “mama alilala katikati”. Baada ya episodi mia tatu, hizo sentensi mbili njo zitakazokurudishia hadithi.

Usianze na mwaka 1963 kwa kujilazimisha. Tazama unachotaka, ukianza na “Blink” ya malaika hutajuta, na ujaze mstari wake siku hiyo hiyo. Orodha itajifunga taratibu kama ukuta unaojengwa kutoka pande mbili. Ila iandike tangu leo kwa mpangilio wa tarehe, na nakala ya pili iwe nje ya simu. Simu zetu tunazijua.

Kwa yule anayetaka kuona mstari uliojaa unafananaje, huu hapa mmoja kutoka kwenye orodha yangu:

1966-10-29. The Tenth Planet, kipande 4 kati ya 4. Sezoni 4 ya zamani. Kodi DD. Daktari: William Hartnell, dakika za mwisho kabisa anakuwa Patrick Troughton. Hali: episodi imepotea, sauti ipo, katuni ipo, ya 2013, picha asili ni vipande vifupi, pamoja na pale sura inapogeuka, ambapo palibaki juu programu ya watoto ya Blue Peter ilikuwa imepaonyesha. Kopi yangu: katuni, flash ya bluu, Kiingereza. Picha asili: —